Aliyefagia Msiba wa Ng'washi

Minza binti Mihayo alifagia nyumba moja kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo nyumba ilibadilisha sakafu mara mbili. Kama ulitaka kujua soko huria lilivyoingia Bariadi, hukuwa na haja ya kuwauliza wenye magari. Minza angekueleza vizuri zaidi, maana yeye alilijua kwa magoti yake.

Alifika Somanda, mtaa wa Bariadi, mwaka wa themanini na nne akitokea kijijini kwao Zagayu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, ameachika kwa kukosa mtoto. Mume alidai ng'ombe wake wa mahari, na kaka zake Minza walinuna kwelikweli, kwa sababu ng'ombe wale walikuwa wameshawatoa kuolea wake zao. Kwao hapakukalika. Akachukua kitambaa chake cha kichwa na sufuria moja, akaja mjini kutafuta pa kulala, akapata, pamoja na kazi ya ndani, kwa mtu aitwaye Marcelo.

Marcelo wakati huo alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, na nyumba yake ilikuwa na sakafu ya udongo kama nyumba za watu wote. Kila Jumamosi Minza alizoa mavi mabichi ya ng'ombe, akayachanganya na majivu, akasiliba kuanzia chumba cha ndani akirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mlangoni palikaa Ng'washi, mama yake Marcelo, mwanamke mrefu mwenye mdomo. "Umeruka hapo," alikuwa akisema. "Na hapo. Wewe ulifundishwa na nani kusiliba, na mbuzi?" Minza alicheka, akarudia pale aliporuka. Hivyo ndivyo walivyopendana wale wawili.

Kisha ushirika ukafa, au tuseme ukalala ukakataa kuamka, na wafanyabiashara wakaruhusiwa kununua pamba wenyewe. Marcelo alikuwa anaijua mizani nje ndani. Msimu wa kwanza alinunua kwa niaba ya mwingine, wa tatu akanunua kwa jina lake, wa tano akawa na lori lake la kupeleka robota za pamba kwenye stesheni ya Malampaka. Sakafu ya udongo ikamwagiwa sementi, sementi ikapakwa rangi nyekundu, na Minza akawa anaisugua kwa kipande cha blanketi mpaka inang'aa na magoti yake yanakuwa mekundu hadi kanisani. Mwaka wa elfu mbili na tatu sementi nayo ikafunikwa kwa marumaru nyeupe. Hapo Minza alipewa ndoo, tambara na dawa yenye harufu ya ndimu.

Mke wa Marcelo aliitwa Veronica. Simsemi vibaya. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa vitu. Kikivunjika kikombe, kabla hajatazama kama kuna aliyejikata, aliuliza, "Nani kagusa?" Na kwa kuwa katika nyumba ile mgusaji wa kila kitu alikuwa mmoja, Minza alijifunza jibu mapema: "Si mimi, mama." Alilisema siku ambazo kweli si yeye, na alilisema hata siku ambazo ni yeye. Baada ya miaka kumi jibu lile lilikuwa linatoka kabla swali halijafika mwisho.

Halafu likaja kobe.

Lililetwa na Deogratias, mtoto wa kwanza wa nyumba, ambaye Minza alimbeba mgongoni mpaka akaota meno yote. Deogratias alikuwa anasoma Ujerumani, akarudi likizo na boksi. Ndani ya boksi palikuwa na kitu cheusi cha duara, ukubwa wa sinia, kimo cha kiganja. Alikiweka chini, akabonyeza, kikaanza kutembea chenyewe kikila vumbi. Kilifika ukutani kikageuka. Kilifika kwenye mguu wa kiti kikafikiri kidogo, kikazunguka. Ulikuwa ni ufagio wa umeme unaotembea, basi, nyumbani wakauita kobe, lakini majirani walijaa dirishani kama kuna harusi, na akina mama waliokuwa wamekuja kusalimia wakapandisha miguu juu ya makochi.

"Mama, sasa sakafu itajifagia yenyewe," Deogratias alimwambia Veronica kwa furaha.

Minza alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. Deogratias hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alimkumbatia, akamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, sasa utapumzika." Minza akatabasamu. Lakini mwanamke wa miaka hamsini asiye na mume, asiye na mtoto, na ambaye kaka zake hawajamsamehe ng'ombe, akisikia neno kupumzika hujiuliza moja tu. Apumzikie wapi?

Kabla ya kuondoka Deogratias alilitegea kobe saa. Kila siku saa moja asubuhi lingetoka lenyewe kwenye kibao chake cha chaji pale sebuleni, lingefagia, na likimaliza lingerudi.

Wiki ya tatu kuku aliingia sebuleni alfajiri, akafanya yake katikati ya marumaru. Saa moja kobe likatoka. Lilipita juu ya ule uchafu, na badala ya kusimama likaendelea na kazi yake kwa bidii, likaupaka ukuta hadi ukuta, likaingia chini ya makochi, likazunguka meza. Veronica aliamka akakuta sebule yake ina mistari ya kijani kila mahali. "Nani kagusa?" Minza akajibu kama kawaida. Lakini mlango wa kuku ulikuwa kazi ya Minza, na safari ile Veronica hakuachia. "Sikiliza, Minza. Mimi na wewe tumekaa sana. Ila ukiligusa tena hili, unafunga mzigo wako siku hiyohiyo." Tangu hapo Veronica alilisafisha na kulichaji mwenyewe. Minza alibaki na ua, jiko, na chumba cha Ng'washi.

Ng'washi alilikataa kobe katakata. Alikuwa mgonjwa sasa, miguu imevimba, hatoki kitandani. "Hicho hakiumwi mgongo," alisema. "Kitajuaje mimi nimeangusha nini?" Ilikuwa kweli. Minza akifagia chumba kile alikuwa anaokota ushanga, tumbaku ya kunusa, kitufe, mara moja jino, na kila kimoja alikirudisha mkononi kwa mwenyewe.

Siku moja Ng'washi aliomba aitwe shemeji yake Jilala, mkubwa wa ukoo, mzee mfupi wa maneno. Jilala alikuja kutoka kijijini na baiskeli yake. Ng'washi akasema mbele yake, Minza akiwa amesimama na bakuli la uji, "Sina binti. Niliyemzaa alikufa hajatambaa. Msiba wangu ataufagia Minza."

Minza alilazimika kuliweka bakuli chini.

Lazima nieleze, kwa sababu vijana wa siku hizi hawayajui haya. Katika ukoo wa akina Jilala, mama mwenye nyumba akifa, nyumba haifagiwi siku tatu. Vumbi la miguu ya waliokuja kulia linabaki palepale, liwe jingi vipi, na padre akija huzika na kuondoka bila kuuliza. Siku ya nne asubuhi mikeka inatolewa, mlango unafungwa, kisha binti wa marehemu anaingia peke yake na kufagia pale maiti ilipolazwa. Hufagiwa mara moja tu, kwa sababu anayefagia mara ya pili anaita kifo cha pili. Akimaliza, ukoo unampa kanga mpya na jembe. Kama hakuzaliwa mle, tangu siku ile amezaliwa. Ana chumba, ana kipande cha kulima, na akifa atazikwa pale nyuma ya nyumba pamoja na wengine. Hakuna mke wa mtu wala mtoto wa mtu awezaye kumwambia funga mzigo.

"Umesikia, Jilala?" Ng'washi aliuliza.

"Nimesikia."

"Wabeja," alisema Ng'washi, yaani asante, akageukia ukutani.

Alikufa mwaka wa elfu mbili na sita, mwaka ule wa mgao mkali wa umeme, siku ya Jumatatu. Umeme ulikatika siku hiyohiyo, nyumba ikakaa gizani Jumanne na Jumatano asubuhi. Kobe liliishiwa chaji njiani, halikufika kwenye kibao, likakaa chini ya dirisha halina uhai, na watu walikuwa wengi mno hata hakuna aliyelikumbuka. Maiti ililazwa sebuleni, ikazikwa Jumanne. Jioni ya maziko Jilala alisimama uani akawatangazia ndugu kwamba siku ya nne Minza ndiye atakayefagia, kwa neno la marehemu mwenyewe. Wengine waliguna, lakini neno la marehemu halibishaniwi. Veronica hakuguna. Alikuwa na wageni mia wa kulisha.

Minza hakulala vizuri siku zile, kwa majonzi na pia, tusidanganyane, kwa tumaini. Alilia kwa dhati, na katikati ya kulia alijikuta akifikiria chumba, akifikiria pale nyuma ya nyumba, akaona aibu, akalia zaidi. Alienda mwenyewe bondeni kukata majani ya ufagio mpya.

Jumatano alasiri umeme ulirudi. Minza alikuwa anapita sebuleni na chupa za chai. Mama mmoja mgeni, kutoka mbali, alikuwa amemkalisha mtoto wake juu ya kobe kama juu ya kigoda, na mtoto amejikojolea. Minza alimwona mtoto, akaona mkojo unachuruzika juu ya kile kitu. Kikiharibika ni nani atakayeulizwa? Aliweka chupa chini, akamwinua mtoto, akalikausha kobe kwa upindo wa kanga, akaliinamisha kulitazama tumbo, kisha akalibeba mpaka kwenye kibao chake na kulikalisha hapo, alivyomwona Veronica akifanya kila siku. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Alipogeuka, Jilala alikuwa ameketi pembeni ya mlango na kikombe chake, anamtazama. Minza akachukua chupa zake akaenda.

Alhamisi asubuhi mikeka ilitolewa. Wanawake walitoka, wanaume walikusanyika uani, mlango wa sebule ukafungwa. Minza alikuwa kisimani analowesha ufagio, maana ufagio wa majani mabichi hufungwa ukiwa umelowa. Alijifunga kanga mbili, akavua viatu. Alikuwa anakuja, amebakiza hatua kama ishirini, na watu wamempisha njia, sauti ikaanza kusikika ndani.

Kila mtu wa nyumba ile aliijua sauti ile. Wageni hawakuijua, na mama mmoja alipiga magoti palepale. Ilikuwa saa moja.

Marcelo alikimbilia mlango, Jilala akamzuia kwa fimbo. Hakuna anayeingia kabla ya mfagiaji. Naye mfagiaji, Minza, alisimama tu, amekumbuka alivyokatazwa kuligusa kobe, na ufagio unatiririka maji miguuni pake. Dirishani waliona yote. Kobe lilitoka kwenye kibao, likavuka chumba kitupu, likafika pale katikati alipolazwa Ng'washi, likazunguka, likarudi, likazunguka tena. Vumbi la siku tatu lilikuwa linaisha kwa mistari. Lilifanya kazi nzuri, hilo lazima nilikubali. Baada ya nusu saa lilirudi mahali pake likanyamaza, na marumaru zilikuwa nyeupe kabisa.

Ndugu walianza kunong'ona, kisha kubishana. Wengine walisema Minza aingie afagie tu, ile ni mashine. Dada zake marehemu wakasema hapana, vumbi limeshaondoka, atafagia nini? Na akipitisha ufagio mara ya pili na mtoto wa mtu akafa, nani atajibu? Hoja hiyo iliwafunga mdomo wote. Marcelo mwenyewe, na suti yake, na malori yake, aliinamisha kichwa.

Jilala alinyanyua fimbo wakanyamaza. Akaingia, akawaita wenye nyumba na Minza. Wengine walijazana mlangoni.

"Nani amewasha hiki kitu?" aliuliza.

Veronica alimgeukia Minza. Alimtazama kama alivyomtazama siku ya kuku, na Minza akaona macho yale tu. Macho ya Jilala, yaliyokuwa yakimtazama kwa upole, hakuyaona.

"Si mimi," alisema.

"Minza, binti yangu," Jilala alisema polepole, sasa kwa Kisukuma. "Jana ulikuwa humu ndani. Mimi pia nilikuwa humu. Fikiri vizuri. Mkono wako haukukigusa?"

Alidhani anashitakiwa. Alidhani mzee aliyemwona ndiye shahidi aliyeletwa kumfukuzisha, siku ya msiba wa mama yake, mbele ya watu wote.

"Sijakigusa, namhala," alisema, yaani mzee wangu. "Haki ya Mungu, sijakigusa."

Mzee anaweza kumfungulia mtu mlango, ila hawezi kumsukuma apite, tena mtu aliyeapa mbele ya ukoo mzima.

"Basi," alisema. "Mimi naona hivi. Ufagio ni ufagio, wa majani au wa umeme, na hakuna unaofagia bila mkono wa mtu. Aliyeuweka mahali pake ndiye aliyefagia msiba huu. Nilikuwa nauliza ni nani, apewe haki yake."

Sasa Minza alielewa alichokuwa anaulizwa. Angesema nini, na kiapo bado kilikuwa kinasikika chumbani?

"Hicho kitu ni cha nani?" Jilala aliendelea.

"Ni cha kwangu," Veronica alisema, bila kuelewa anajibu nini. "Huwa nakichaji mimi. Nafikiri... labda niliacha waya."

"Basi umefagia wewe."

Veronica hakuitaka haki ile. Alikuwa na nyumba yake, mume wake, watoto wake wanne. Kanga alikuwa nazo makabati mawili. Alipokea jembe kwa vidole viwili asichafue kucha, akacheka kidogo kwa aibu, akalisimamisha nyuma ya mlango. Wanawake walipiga vigelegele kama inavyotakiwa. Kisha watu wakaanza kunyolewa nywele, watoto wa marehemu kwanza, na Minza akaenda jikoni kwa sababu maji ya ugali yalikuwa yanachemka.

Alasiri Jilala alimfuata jikoni, amevaa kofia tayari kwa safari. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nilikuona," alisema. "Nikauliza mara mbili. Mbona ulikataa?"

"Niliogopa," Minza alisema. "Nilijua nitaambiwa nimeharibu." Halafu akasema haraka, kama mtu anayemkimbilia anayeondoka, "Ni mimi, namhala. Nililikausha nikaliweka kwenye umeme. Ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Basi waambie."

"Uliapa, Minza. Nikiwaambia, nitakuwa nimempa haki ya Ng'washi mtu aliyeapa uongo msibani kwake. Nani atakubali?" Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Mimi mwenyewe inaniuma," alisema, na kweli ilimuuma, kisha akaenda kwenye baiskeli yake.

Minza alikaa pale miezi mitano. Chumba cha Ng'washi kilipakwa rangi, kikawa cha wageni, kikawekwa marumaru, na kobe likawa linafika mpaka huko. Mwezi wa sita Veronica alimwita, akazungumza naye kwa heshima, hata machozi yalimlengalenga. Alisema kazi sasa ni ndogo, na kwamba Minza naye amechoka, apumzike. Marcelo alimpa begi jipya na nafasi mbele kwenye lori la pamba lililokuwa linakwenda Malampaka. Alisimama karibu na mlango wa lori akitafuta neno la kumwambia mtu aliyemtunzia mama yake, akaishia kumwambia dereva aendeshe taratibu.

Alishuka njiani, Maswa, akapanga chumba mtaa wa Binza kwa mwenye duka la vyerehani, akawa anafagia uwanja wa duka lile asubuhi na jioni. Sakafu ya chumba chake ilikuwa ya udongo. Aliisiliba mwenyewe Jumamosi, polepole, kwa sababu ya mgongo, na hakukuwa na mtu mlangoni wa kumwambia ameruka wapi.

Mwaka uliofuata mjumbe wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba kuandika wapangaji. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaketi kwenye kigoda, akauliza jina, akauliza anatoka wapi, akauliza umri, akiandika kila kitu kwa mwandiko mzuri.

"Na ndugu wa kuitwa ukipatwa na jambo?"

Minza aliwapitisha kaka zake kichwani, akawaacha.

"Andika Marcelo wa Somanda, Bariadi. Yule wa pamba."

"Ni nani wako?"

"Nilikuwa nafagia kwake."

Kijana alimtazama, akasubiri kama kuna nyongeza. Haikuwapo. Akaandika "hana", akamshukuru, akaenda chumba cha pili.